Dawati la mbele halitoshi: mwongozo kamili wa kumwezesha mtoto mwenye ualbino kusoma darasani na kurudi nyumbani bila kuungua

Kila mwaka, ukifika mwezi wa tatu, wazazi hunijia na daftari mkononi. Kurasa zina tarehe na kichwa cha somo, chini yake mistari mitupu. "Mwalimu, walimweka dawati la mbele kama tulivyoomba. Mbona haandiki?" Swali hili, hapa kwetu Mwanza, nimeulizwa Igoma, nimeulizwa Kayenze, nimeulizwa hata ndani ya kivuko cha kwenda Ukerewe. Karibu kila mara mtoto hana uvivu wala upungufu wa akili. Haoni ubao. Dawati la mbele limempunguzia umbali, lakini halijamfikisha.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Nyingi zinamhitaji mzazi na mwalimu wa darasa wakae pamoja kwa nusu saa tu.

## Vitu vya kuandaa

- Kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi pande zote. Kapelo haifai, kwa kuwa inaacha wazi masikio na kisogo.
- Shati la sare la mikono mirefu lenye kola, pamoja na suruali au sketi ndefu. Inua kitambaa ukitazame dhidi ya jua: mwanga ukipenya, jua nalo litapenya. Kwenye mitumba ya Mlango Mmoja utapata mashati mazito ya rangi ya sare kwa bei nafuu.
- Mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga, huandikwa kwenye kopo) 30 au zaidi, na ya midomo yenye kinga hiyohiyo.
- Miwani iliyopimwa kliniki (angalia hatua ya 1).
- Kalamu nyeusi ya ncha nene, rula na daftari la mistari mipana.
- Kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 30, na kijiti cha kukiinua upande mmoja.
- Futi kamba na chaki nyeupe.
- Rangi nyeusi ya ubao isiyong'aa, iwapo ubao wa darasa umechakaa.

Usisubiri vyote vipatikane. Kofia, kalamu nyeusi na futi kamba vinatosha kuanzia Jumatatu.

## Hatua ya 1: Mpeleke kliniki ya macho, uulize maswali mawili

Ualbino hauishii kwenye ngozi. Rangi iitwayo melanini inahitajika pia jicho linapojijenga mtoto akiwa bado tumboni. Ikipungua, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayotumika kusoma herufi ndogo haikomai. Ndiyo maana mtoto ana uoni hafifu, macho yanachezacheza, na mwanga mkali unamuumiza.

Mpeleke hospitali yenye kliniki ya macho. Kwa Mwanza wengi huishia Bugando, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Muulize mtaalamu: "Uoni wake ni kiasi gani akiwa amevaa miwani?" na "Je, kuna lenzi ya kukuzia au darubini ndogo ya mkononi inayomfaa?" Jibu la kwanza liandikwe kwa tarakimu, mfano 6/36 au 6/60. Tarakimu 6/60 ina maana kwamba kitu ambacho mtu mwenye macho mazima anakitambua akiwa mita 60, mtoto huyu anakitambua akiwa mita 6. Mwalimu anazihitaji tarakimu hizo katika hatua ya 2.

Tahadhari. Miwani husaidia, kwa sababu wengi wa watoto hawa wana kasoro ambazo lenzi hurekebisha, lakini haifanyi macho yawe kama ya wenzake. Wazazi wengi hununua miwani kwa gharama kubwa, kisha wanamgombeza mtoto kwamba haitumii ipasavyo. Na usinunue miwani ya kusomea kwa machinga. Miwani ya jua nayo iwe na alama ya kuzuia miale ya UV (miale ya jua isiyoonekana inayodhuru macho na ngozi), kwa maana kioo cheusi kisichozuia miale hiyo humpunguzia mtoto maumivu tu huku miale ikiendelea kuingia.

Utajua umefaulu ukitoka na karatasi yenye tarakimu na tarehe ya kurudi. Kwa mtoto wa shule, rudi kila mwaka.

## Hatua ya 2: Pima ubao kwa futi kamba

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende polepole.

Chukua mtoto mwenye 6/60. Akiwa mita 2 kutoka ubaoni, herufi ndogo kabisa anayoweza kuitambua ina urefu wa karibu sentimita 3. Kuitambua ni kukodoa macho, kukisia na kuchoka. Ili asome sentensi nzima bila kuchoka anahitaji walau mara mbili ya hapo, yaani sentimita 6. Sasa pima umbali kutoka ubaoni hadi dawati la mbele katika darasa lenu. Mara nyingi ni mita 2 au zaidi. Kisha pima herufi za mwalimu anayejaza ubao mzima kwa somo moja. Zina sentimita 3, pengine 4. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliye dawati la mbele amekaa palepale uwezo wake unapokomea. Anaona kichwa cha somo kwa sababu kimeandikwa kikubwa. Yanayofuata ni ukungu.

Fanya hivi, darasa likiwa tupu:

1. Mwalimu aandike maneno matano yasiyofuatana kimaana, mfano *kamba, ziwa, tano, mwavuli, sega*. Usitumie sentensi anayoikariri. Watoto hawa ni hodari wa kukisia, na ukisiaji huo umewadanganya walimu wengi kwamba wanaona.
2. Mtoto asimame dawatini kwake asome. Asiposoma yote matano, asogee hatua moja mbele, kisha nyingine.
3. Anaposoma yote bila kusita, weka alama ya chaki sakafuni. Hapo ndipo mahali pake pa kusomea ubao.
4. Rudia kwa herufi za sentimita 6 uone alama inasogea nyuma kiasi gani.

Kama alama iko mita moja kutoka ubaoni, hakuna dawati linalokaa hapo bila kuwaziba wenzake. Basi kubalianeni kwamba mtoto ana ruhusa ya kudumu ya kuinuka, kusogea, kusoma na kurudi, bila kunyoosha mkono kila mara. Darasa litangaziwe ruhusa hiyo mara moja, isije ikaonekana utovu wa nidhamu.

Kama ubao umepauka na kuwa kijivu, upakwe rangi upya. Rangi ya mafuta inayong'aa isitumike, maana itageuka kioo cha kurudisha mwanga usoni pake. Na chaki iwe nyeupe. Nyekundu na bluu kwenye ubao mweusi kwake ni kama hazipo.

Mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika. Hili halina gharama yoyote, na linawasaidia pia wanaokaa nyuma katika darasa la watoto wengi.

Utajua umefaulu kama ndani ya wiki ya kwanza mtoto ameandika sentensi ya pili na ya tatu ya somo, siyo kichwa peke yake.

## Hatua ya 3: Geuza mgongo wake kwenye mwanga

Wenye nia njema humweka karibu na dirisha "apate mwanga". Kwa mtoto huyu mwanga wa dirishani ni kama tochi inayommulika machoni. Madarasa yetu mengi yana madirisha makubwa yanayotazama uwanja wa mchanga au majabali, na yaliyo jirani na ufukwe hupokea mng'ao wa ziwa asubuhi nzima.

Mkalishe mwanga ukitokea nyuma yake au ubavuni nyuma ya bega. Asitazamane na dirisha wala mlango ulio wazi. Kama haiwezekani, khanga nzito ipigiliwe kwenye dirisha moja tu lililo mbele yake. Aruhusiwe kuvaa kofia na miwani yenye rangi ndani ya darasa. Sheria ya "vua kofia ukiingia" isimhusu, na mwalimu mkuu awaambie walimu wote wa zamu.

Utaona anainamisha au kuzungusha kichwa ili asome. Usimnyooshe. Upande ule macho yake yanatulia, kwa hiyo anaona vizuri zaidi. Nimeshuhudia mtoto akishikwa kidevu kila siku hadi akaacha kabisa kutazama ubaoni.

## Hatua ya 4: Mpe somo mkononi

Ubao ni msaada wa pili kwake. Wa kwanza ni karatasi iliyo mbele ya macho yake.

Kwa kitabu, mwache akilete karibu hata sentimita 8 au 10 kutoka machoni. Hakiharibu macho. Ukaribu huo ndio unaokuza herufi. Tatizo lake ni shingo na mgongo: mtoto anayelala juu ya daftari saa tano kwa siku huumia. Ndiyo kazi ya ile plaiwudi. Iinue upande wa mbali kwa kijiti kama mteremko, daftari likae juu yake, uso usishuke.

Kwa daftari, pitisha kalamu nyeusi na rula juu ya mistari, ukiruka mmoja mmoja. Mistari ya bluu hafifu haioni, na ndiyo sababu mwandiko wake unapanda na kushuka. Aandike kwa kalamu nyeusi. Penseli ngumu inaacha alama ya kijivu asiyoweza kuisoma mwenyewe baadaye.

Kwa maelezo ya somo, chagueni njia moja kati ya hizi:

- Mwalimu amwachie andalio lake au kitabu cha kiada anakili moja kwa moja.
- Rafiki mwenye mwandiko mzuri amwazime daftari kila kipindi. Wawe marafiki wawili wa kupokezana, mmoja asichoke.
- Kama shule ina kompyuta na printa, maelezo yachapwe kwa herufi za ukubwa wa 18 hadi 24. Steshenari nyingi za mjini pia zinakuza ukurasa wa A4 kuwa A3.

Tahadhari kubwa. Wapo watoto wenye ualbino waliofundishwa nukta nundu kama wasioona, huku wakizisoma kwa macho badala ya vidole. Kama mtoto anaweza kusoma herufi zilizokuzwa, afundishwe herufi zilizokuzwa. Wote wenye uoni hafifu wana haki ya kusoma maandishi wanayoyaona, na mzazi asione haya kulisema hilo mbele ya mwalimu yeyote.

## Hatua ya 5: Panga siku yake kwa kufuata jua

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Jua kali ni la saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, mwaka mzima. Mawingu hayazuii, miale hupenya hata siku ambayo ziwa limetanda ukungu. Mchanga na maji huirudisha juu, ikampata mtoto chini ya ukingo wa kofia.

Asubuhi, kabla ya kutoka, apakwe mafuta usoni, masikioni (nyuma pia), shingoni, mikononi na popote nguo isipofika. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya mafuta, kila mmoja urefu wa kidole. Apakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kukanyaga jua, kisha arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje, na tena akishatoka jasho au kunawa. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino na hugawiwa kupitia kliniki. Uliza kliniki ya ngozi au Chama cha Watu wenye Ualbino tawi la wilaya yako.

Tahadhari.

- Mafuta ya nazi, ya mgando na ya kupikia hayakingi jua. Krimu za kung'arisha ngozi ni hatari kwake.
- Mafuta ya mtoto yasigeuke ya familia. Kopo likiliwa na wote, mwezi hauishi.
- Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usiliweke dirishani wala juu ya bati.
- Mafuta hayampi ruhusa ya kukaa juani. Kivuli kwanza, nguo pili, mafuta tatu.

Shuleni, mchakamchaka wa saa 12 au saa 1 asubuhi hauna shida. Mstarini asimame kwenye kivuli, na tangazo refu likija baada ya saa 4, darasa lake lote lihamie chini ya mti. Ni bora kuliko kumtenga peke yake. Michezo isogezwe saa 10 na nusu jioni. Shamba la shule, kuchota maji mchana na adhabu ya kupiga magoti uwanjani visimhusu kabisa.

Kwa wenzangu wa ufukweni: kuanika dagaa ndiyo kazi inayowaunguza watoto wetu kimyakimya. Mchanga mweupe, mng'ao wa dagaa na wa maji, mtoto ameinama, shingo wazi, na ni saa 5. Najua nyumba inategemea dagaa hao. Mpe kazi ya kuchambua ndani ya kibanda, au kuanua baada ya saa 10 jioni.

Utajua umefaulu kama ikifika Ijumaa hakuna wekundu mpya shingoni, masikioni wala mgongoni mwa mikono.

## Hatua ya 6: Kagua ngozi kila Jumapili

Kwenye mwanga wa kawaida, tazama uso, midomo, masikio, kisogo na mikono. Tafuta mabaka makavu yanayokwaruza kama msasa, kidonda kisichopona kwa wiki tatu, uvimbe unaotoka damu ukiguswa, au mdomo wa chini unaopasuka kila mara.

Ukikuta kimojawapo, nenda kliniki ya ngozi wiki hiyohiyo. Mabaka ya mwanzo huondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali, mtoto akarudi nyumbani siku hiyo. Yakiachwa yanaweza kugeuka saratani, na saratani ya ngozi ndiyo inayowaua wengi wa ndugu zetu hawa wakiwa bado vijana. Hata kama huoni kitu, mpeleke akaguliwe kila miezi sita.

## Hatua ya 7: Sema na watu

Anza na nyumbani. Baba na mama weusi wanaweza wote kubeba jeni ya ualbino bila kujua. Hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Mama hakuzini. Hakuna laana. Kama shemeji au bibi mzaa baba bado ananong'ona, mwiteni aisikie hoja hii kwa mganga wa zahanati, mbele ya baba mtoto.

Darasani, mwalimu azungumze na wanafunzi dakika kumi: ualbino hauambukizi, macho yake yanahitaji ukaribu, ngozi yake inahitaji kivuli, na jina lake ni lile la kwenye rejista. Neno *zeruzeru* lisitamkwe shuleni. Mtoto mwenyewe aulizwe kwanza kama anataka kuwepo.

Kuhusu usalama dhidi ya wanaowashambulia watu wenye ualbino, Kanda ya Ziwa hatuna sababu ya kujidanganya. Asitembee peke yake. Awe na wenzake watatu na mtu mzima anayejulikana. Mwalimu wa kipindi cha kwanza akimkosa, ampigie mzazi papo hapo, asingoje saa 4. Mtu anayeruhusiwa kumchukua aandikwe jina kwa mwalimu mkuu. Picha zake zisisambazwe kwenye magrupu zikionyesha shule au mtaa. Mgeni akianza kuulizauliza habari zake, mwambie mwenyekiti wa mtaa na dawati la jinsia na watoto polisi, au piga namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

## Hatua ya 8: Weka makubaliano kwa maandishi

Maneno ya mdomo hupotea mwalimu akihamishwa. Peleka barua nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Inaweza kuwa hivi:

> *Ndugu Mwalimu Mkuu, mwanangu wa darasa la … ana ualbino na uoni wake ni … kwa mujibu wa kliniki ya macho (nakala imeambatishwa). Naomba: (1) akae mgongo ukielekea dirisha na awe na ruhusa ya kusogea ubaoni, (2) apewe maelezo ya somo mkononi, (3) avae kofia na miwani wakati wote, (4) asifanye kazi ya nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, (5) jina lake lipelekwe mapema kwa ajili ya karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza katika mitihani. Niko tayari kufika tuzungumze.*

Kipengele cha tano kisiachwe. Baraza la Mitihani huandaa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na kuwaongezea muda, lakini ni lazima shule imwonyeshe hivyo wakati wa usajili. Nimemwona msichana mwerevu wa darasa la saba akipewa karatasi ya kawaida kwa sababu tu hakuna aliyejaza nafasi ile.

Shule ikikataa, usigombane mlangoni. Nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri na nakala yako yenye muhuri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza mtoto kunyimwa shule kwa ajili ya ulemavu wake, na inataka apewe msaada anaouhitaji kusoma.

## Baada ya wiki tatu

Chukua daftari la mtoto na la jirani yake, ufungue ukurasa wa siku moja. Hesabu mistari. Kama lake lina walau robo tatu ya mistari ya mwenzake na anaweza kukusomea alichoandika, mpango unafanya kazi. Kama lina pungufu, rudi hatua ya 2 na futi kamba kabla ya kumlaumu.

Akipanda darasa Januari, pimeni upya siku ya kwanza. Chumba kipya kina madirisha mengine, ubao mwingine na mwalimu mwenye mwandiko mwingine, na ile alama ya chaki imebaki sakafuni kwenye darasa la zamani.